Mnawadunga nini hawa kuku?

Haipiti wiki sijaulizwa swali hilo, na muulizaji huwa ameshaamua jibu: homoni. Kuku wa kienyeji anahitaji miezi kadhaa kufika sufuriani, huyu wa kisasa wiki sita tu yuko buchani. Lazima kuna dawa!

Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku litaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Ingebidi umchome sindano kuku mmoja mmoja, tena mara kwa mara. Banda la kuku elfu mbili, nani ana muda huo?

Jibu ninalolipenda lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, mwaka 2003. Mtafiti Havenstein na wenzake walichukua mbegu mbili: moja ya miaka ya 1950, iliyotunzwa bila kuboreshwa, na Ross 308, mbegu ya kisasa ya kuku wa nyama, ya 2001. Wakaandaa na vyakula viwili, cha fomula ya 1957 na cha 2001, kisha kila mbegu ikalishwa vyote, kwa makundi tofauti. Hapo ndipo kazi ya damu, yaani mbegu, ilipotengana na kazi ya chakula. Siku ya 42, kuku wa zamani kwa chakula cha zamani alikuwa na gramu 539. Ross kwa chakula kipya, gramu 2,672. Asilimia 85 hadi 90 ya mabadiliko hayo ililetwa na uchaguzi wa mbegu. Lishe ilichangia 10 hadi 15.

Mimi ni mtu wa lishe, matokeo hayo hayanipi kichwa. Ila wafugaji wengine huyasoma vibaya: kumbe chakula si kitu! Hapana. Vyakula vyote viwili vilikuwa vimepigiwa hesabu. Hakuna kuku aliyelishwa pumba na mashudu yaliyokorogwa kwa koleo, kwa kukisia.

Nikiletewa mchanganyiko wa nyumbani, mwenyewe hujivunia protini: "Ina asilimia ishirini na mbili." Ishirini na mbili ya nini? Kuku hujenga nyama kwa amino asidi, vipande vinavyounda protini. Kwenye mahindi na soya, ya kwanza kupelea ni methionini, kisha lisini. Moja ikipungua, zilizozidi huvunjwa, nitrojeni yake inatoka na kinyesi, na banda linanuka amonia hadi macho yanawasha. Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri lakini lisini haba. Dagaa wana zote mbili, kama hukuuziwa mchanga.

Kabla ya hayo yote, mimi huuliza uzito wa siku ya saba. Kifaranga hutotolewa na gramu kama 40. Wiki ikiisha awe amefika walau mara nne ya hapo. Mwanzoni anaishi kwa kiini kilichobaki tumboni, lakini utumbo wake hukua vizuri anapoanza kula mapema, na aliyecheleweshwa kwenye boksi ni vigumu kuwafikia wenzake. Usiku wa kuwapokea, wapapase gole, kifuko cha chakula chini ya shingo. Likiwa limejaa na ni laini, amekula na kunywa. Likiwa gumu, kaangalie vyombo vya maji.