Jina la mtoto: kaeni chini muelewane kabla hamjafika dirishani

Juzi juzi hapa mama mmoja kijana kafika dirishani kwetu ofisi ya usajili, mtoto mgongoni, tangazo la kuzaliwa na kadi ya kliniki kavifunga kwenye pindo la kitenge. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani, akasema Brayani. Nikamuuliza linaandikwaje, akanyamaza kidogo, akampigia mume wake simu, mume yupo Tunduma kwenye malori, akajibu "andika tu kawaida". Sasa kawaida ndo ipi? Nikachukua karatasi nikaandika Brian, Bryan, Brayan, Brayani, nikamgeuzia achague. Akaweka kidole kwenye la tatu. Kumbe kwenye kadi ya kliniki nesi alishaandika la pili. Na bibi yake mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nyuma, akasema yeye hayo yote hayajui, yeye mjukuu wake anamwita Ipyana maana ndo jina babu yake alilitoa siku ya kwanza kule Busokelo, ila halijaandikwa popote.

Mimi ni afisa usajili wa vizazi na vifo, nimekaa kwenye kazi hii Mbeya na Iringa, na swali naloulizwa sana na wazazi ni hili: nimpe mtoto jina la asili au la kisasa? Wengine wanauliza kama kuna majina tunayakataa. Kuna nchi zinakataa, Iceland wana kamati kabisa ya majina, jina lisilokuwa kwenye daftari lao lazima lipite huko kwanza, na Ujerumani msajili anaweza kulikataa jina akiona litamuumiza mtoto. Hapa kwetu hatuna kamati kama hiyo, neno ni la mzazi. Ndo maana nasema mzazi awe na neno kweli, ajue jina analompa mtoto linasema nini na linaandikwaje herufi kwa herufi, na nyumba nzima iliandike hivo hivo.

Tuanze na haya tunayoita ya asili. Ukikaa Rungwe, Kyela au hapa jijini Mbeya utakutana na Lugano, maana yake upendo. Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Lusubilo ni tumaini, Bupe ni zawadi. Alafu kuna yale ambayo ni sentensi nzima, na hapo mimi ndo huwa nakipenda Kinyakyusa: Atupele, yani ametupa. Atuganile, ametupenda. Ambokile, ameniokoa. Tuntufye, tumsifu. Hilo Ambokile ukilisikia ujue kuna siku mtu alikuwa na hofu kubwa, pengine mama alizidiwa wakati wa kujifungua, pengine kabla ya huyu walishazika wawili, sasa huyu kabaki na mzazi anataka kila mtu atakayemwita mtoto huyu maisha yake yote aseme maneno hayo. Hiyo ni habari ya familia imewekwa kwenye neno moja. Nimeshaona vijana wana majina haya na hawajui maana yake, wanaona ni ya kishamba wanajipachika lingine wakifika chuo, inaniuma sana, kwa sababu kosa ni letu wazazi hatujawakalisha chini tukawaambia.

Lakini pia nisiwadanganye kwamba haya majina yametoka na milima. Mengi yanayomtaja Mungu hivi yameshika baada ya wamisheni wa Moravian na wa Berlin kuingia Unyakyusa mwaka 1891, watu wakapokea imani mpya wakaitia kwenye lugha yao. Kuna mzee wa wakati ule alisikia mtoto wa jirani kaitwa Gwantwa, wa Bwana, akashangaa jina gani hilo. Na upande wa Iringa ni hivo hivo, mapadri Wabenediktini na baadae Wakonsolata wakaleta majina ya watakatifu, Skolastika, Gaudensia, Ladislaus, Deogratias, Vitalis. Yalikuwa mageni kabisa mdomoni mwa Mhehe na Mbena, leo ukimwambia mzee wa Tosamaganga kwamba Skolastika ni jina la kigeni atakushangaa, ni jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo mama anayetaka Jayden mimi simgombezi. Jina geni linaweza kuwa la kwetu, ila linachukua mda, na linakuwa la kwetu pale watu wanapoweza kulitamka na kuliandika bila kuuliza.

Na kutamka sio jambo dogo. Kinyakyusa hakina herufi R, bibi aliyekulia kijijini Rungwe anaiita Lungwe, kwa hiyo Brayan wako nyumbani kwa bibi ni Bulayani, na mtoto akiulizwa jina lake siku ya kwanza chekechea atalitaja kama anavyoitwa nyumbani. Mwalimu naye ataandika alichosikia.

Mfano mkubwa kuliko wote tunao hapa hapa kwetu, ila hatuutumii. Mtwa, yani chifu, wa Wahehe tunayemwita Mkwawa, jina lake refu ni Mukwavinyika, yani mteka nchi. Likafupishwa. Wajerumani waliokuwa wanapigana naye wakaandika Quawa, hilo ndo liko kwenye makaratasi yao mengi. Alipofariki mwaka 1898 kichwa chake kikachukuliwa, na vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ukaidai Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Fuvu lenyewe likaja kurudi mwaka 1954, lipo Kalenga mpaka leo, nendeni na watoto wenu mkalione. Mimi kila nikisoma habari ile nafikiria kama mtu wa masjala, mtu mmoja, jina moja alilopewa na wazee wake likiwa na maana kamili, na kila aliyeshika kalamu akaliandika kwa sikio lake. Yeye alikuwa mtawala, dunia nzima ilimjua hata jina likipinda. Mtoto wako hana hiyo bahati, yeye anajulikana kwa karatasi.

Majina ya ukoo nayo yana mambo yake. Ile Mwa- ya Wanyakyusa maana yake wa uzao wa fulani, sasa hapo kuna Mwaky-, Mwaki- na wengine wanaandika Mwach-, ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana ukoo tatu tofauti kwenye vyeti. Makete kwa Wakinga ukiita Sanga darasani wanasimama nusu ya watoto, huko jina la kwanza ndo linabeba kazi yote, usimpe mtoto jina la kwanza ambalo nalo limejaa kila nyumba alafu ukategemea atatofautishwa. Na upande wa Songwe kwa Wanamwanga mwanaume ni Simwinga, dada yake kwa mila ni Namwinga, ukoo ule ule mmoja. Karani asiyejua mila hiyo anaona mtoto wa kike hana jina la baba yake, anaanza kumsumbua mama wa watu maswali ya aibu mbele ya foleni. Wenzangu wa kwenye madirisha mengine, shuleni na benki, naomba tujifunze hili. Na wazazi mkae muamue mapema binti ataandikwa kwa mila au kama baba, yote mawili sawa, ila likiandikwa moja kwenye cheti basi shule liende hilo hilo.

Maana shida zote nazoziona zinaanzia hapo. Aliwahi kuja kijana wa Mufindi, amefaulu kidato cha sita vizuri tu, anaomba mkopo wa chuo. Bodi ya mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti kinasema Lusubilo. Cheti cha kidato cha nne kinasema Rusubiro, mwalimu wa darasa la kwanza aliandika hivo na ikasafiri nae mpaka kwenye mtihani wa taifa. Kitambulisho cha NIDA kilifuata cheti cha shule. Baba ameshafariki, wa kuulizwa hayupo. Yule kijana aliniwekea karatasi zake mezani moja moja, mikono inatetemeka, akaniuliza "sasa afisa mimi ni nani?" Tulimsaidia, alikwenda kwa wakili akaapa kiapo, akazunguka ofisi baada ya ofisi, ila mda ulikuwa unakimbia na nauli zilikuwa za mkopo. Na jina lake angalieni, halikuwa la ajabu hata kidogo, ni jina zuri la asili. Kwa hiyo anayedhani jina la asili linamkinga mtoto na usumbufu, hapana. Herufi mbili tu.

Kuna majina ambayo mimi nikiyasikia naweka kalamu chini kwanza. Shida, Mateso, Tabu, Majuto, Chuki, Sikudhani. Naelewa yanatoka wapi, mama katelekezwa na mimba, au nyumba ilikuwa na msiba, au ugomvi na mawifi, na zamani jina lilikuwa njia ya mwanamke kusema asichoweza kusema mdomoni. Wapo wakubwa wenye majina hayo wanaishi vizuri na wanayapenda, siwasemi hao. Ila huyu mchanga aliyelala mgongoni hajamkosea mtu, na Chuki ni neno atakaloitwa kwenye mstari wa shule kila asubuhi. Nikimuuliza mama taratibu "dada yangu, hili jina ni la mtoto au ni la baba yake?" wengi wanalia pale pale, na wengine wanabadilisha wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 6 inasema mtoto ana haki ya jina. Mimi nalisoma hivi, jina ni mali yake yeye, sisi tunamshikia tu.

Haya ya wachezaji na marais nayo, Obama, Ronaldo, sina ugomvi nayo sana, ila mtu maarufu bado yuko hai na hujui kesho atafanya nini.

Sasa namna ya kufanya. Usisubiri mpaka mtoto anaanza shule. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 ulizinduliwa mkoa wetu huu wa Mbeya mwaka 2013, wakati ule Songwe bado iko ndani yake, baadae ukaenda Iringa na Njombe na mikoa mingine, na unakuwezesha kusajili kliniki au ofisi ya kata na kuondoka na cheti bila kulipia. Cheti hicho kinaandikwa kwa mkono, kwa hiyo anayekuandikia anategemea mdomo wako au karatasi yako, na karatasi ni salama zaidi. Andika nyumbani, herufi kubwa, majina yote matatu, baba na mama muone wote, na kama babu ana jina lake mpigieni simu siku hiyo hiyo, msije mkaanza kubishana mbele yangu. Akimaliza kuandika, soma kabla hujaondoka. Soma herufi. Ukiona kosa sema hapo hapo, usione aibu kumsumbua mtumishi, ni kazi yetu.

Yule mama wa Brayan sikumuandikia siku ile. Nilimpa ile karatasi aende nayo nyumbani. Alirudi Alhamisi na mume wake kaja kutoka Tunduma, na bibi naye kaja, karatasi imekunjwa mara nne, nyuma yake mtu kaandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: IPYANA BRIAN. Baba akasema hii ya I-A-N ndo fupi na mwalimu yeyote anaijua. Bibi akaniambia nimsomee cheti kwa sauti, nikasoma, akanirudisha kwenye neno la kwanza, nikalisoma tena.