Ugezi wa kamera kwa picha moja: leza, kioo cha mifuo na lenzi iliyorefuka alasiri

Ugezi, au kama tunavyosema karakanani, kukalibreti kamera, ni kupima kwa usahihi namna lenzi inavyoiweka dunia kwenye picha. Kwangu ulikuwa kazi ya ubao wa drafti. Unachapa miraba myeusi na myeupe, unaibandika juu ya kioo kinene, halafu unamwita kijana aushike: inua, inamisha kushoto, rudi nyuma, usitikisike. Picha 20, siku nyingine 40. Hesabu inayofuata ni nzuri, ndiyo ile aliyoichapisha Zhengyou Zhang mwaka 2000, na inatumika mpaka leo. Lakini karatasi inajikunja kwa unyevu wa Dar es Salaam, na lenzi ya droni imefungwa kutazama mbali kabisa ilhali ubao uko mita 1 mbele yake, basi kona za miraba zinatoka na ukungu.

Siku hizi napiga picha moja.

Vifaa vyenyewe havina makubwa: leza, lenzi mbili za kuupanua mwale mpaka uenee kinywa cha kikombe cha kahawa ya kijiweni, na kioo cha difraksheni. Kioo hicho ni kipande cha silika kilichochorwa mifuo midogo inayojirudia. Changu kinajirudia kila mikroni 20, kwa hiyo unywele mmoja ungefunika mifuo mitatu hivi. Mwale unaingia mmoja, unatoka umegawanyika mamia, kila mmoja na mwelekeo wake, na kila mmoja ukiingia kwenye kamera unaacha nukta moja kwenye picha. Mwelekeo huo haukupimwa na mtu. Unatokana na urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa nafasi ya mifuo. Kwa leza ya heliamu na neoni, nanomita 632.8, mwale wa kwanza unakwenda pembeni kwa nyuzi 1.8, na wa kumi kwa nyuzi 18.4. Watafiti wa DLR, kituo cha anga cha Ujerumani, waliieleza njia hii kwenye jarida mwaka 2008, wakiwa Berlin.

Kinachoifanya iwe ya haraka ni jambo ambalo kila mtoto analijua. Ukitembea usiku, mwezi unakufuata. Uko mbali kiasi kwamba hatua zako hazibadilishi upande unaouona. Miale inayotoka kwenye kioo ni hivyo hivyo: isogeze kamera sentimita 1 kushoto, nukta hazibanduki kwenye picha; igeuze kidogo tu, zote zinahama. Kwa hiyo mahali kamera ilipo hapahitajiki tena kwenye hesabu. Kwa ubao wa drafti, kila picha inaleta mambo sita mapya ya kutafuta, matatu ya mahali na matatu ya mgeuko, yaani picha 20 zinaleta 120. Hapa natafuta matano: matatu ya mgeuko wa kamera na mawili ya namna mwale ulivyokiinamia kioo. Ongeza vigezo vinane vya kamera yenyewe (umbali wa fokasi, kitovu cha picha na upindaji wa lenzi), jumla 13, na nina nukta 441 za kuvitafutia.

Picha ya kwanza humtia mtu wasiwasi. Nukta hazijapangika kama gridi ya daftari. Zimevutwa pembeni, umbo la mto wa kulalia. Usikimbilie kuilaumu lenzi. Kwa lenzi ya milimita 8 na pikseli za mikroni 3.45, nukta ya kumi katikati ya ukingo hukaa pikseli 773 kutoka katikati, na ile ya kona hukaa pikseli 820 kwa upande huo huo, hata lenzi ingekuwa haina kasoro yoyote. Ni jiometria ya difraksheni tu. Upindaji wa lenzi ni kile kinachobaki ukishaondoa hiyo. Na ile nukta kali ya kati si kitovu cha picha. Inaonyesha tu mwale ulikotoka. Mimi huitumia kuanzia kuhesabu nukta, basi.

Kama kamera ni ya rangi, soma data ghafi, tena pikseli nyekundu peke yake. Programu ya kamera ikijaza rangi kwa kukisia, inakusogezea kitovu cha nukta bila kukuaga. Punguza pia muda wa mwanga kabla nukta hazijaungua nyeupe. Na usichungulie leza kwa jicho, hata sekunde moja.

Sasa kosa langu. Mwanzoni nilitumia leza ya diodi, ile nyekundu ya bei rahisi, nikaandika nanomita 650 kwenye programu na kuendelea. Asubuhi, kiyoyozi kikiwaka, kamera ilinipa umbali wa fokasi, yaani zile milimita 8 za lenzi zikihesabiwa kwa pikseli, wa 2,319. Umeme ukakatika, chumba kikapanda nyuzi 8 hivi. Alasiri, kamera ile ile, meza ile ile: 2,325. Nilikaza skrubu, nikafungua lenzi, nikaifunga tena. Nikamshuku kijana kwamba ameigusa. Hakuwa ameigusa.

Diodi ikipata joto, wimbi lake hurefuka, takriban nanomita 0.2 kwa kila nyuzi. Kwa nyuzi 8 ni nanomita 1.6, robo ya asilimia. Nukta zikatanuka, programu haikuambiwa kuwa rangi imebadilika, ikahitimisha kuwa lenzi ndiyo imerefuka. Kioo chenyewe hakikuwa na hatia. Silika haitanuki kwa kiasi cha kuonekana hapa. Robo ya asilimia inasikika kama si kitu mpaka uirushe kamera hiyo mita 100 juu ya bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, bila alama zilizopimwa ardhini. Kwa picha zilizopigwa wima, kosa la fokasi linageuka kosa la kimo, na hapo ni sentimita 25. Pale Jangwani, bondeni kunakofurika, sentimita 25 ndizo zinazotenga kizingiti kikavu na godoro linaloelea.

Kwa hiyo nikanunua bomba la heliamu na neoni lililokwishatumika. Ni refu, linahitaji umeme wa volti kubwa, na linachukua nafasi ya watu wawili mezani, lakini wimbi lake halijali kiyoyozi. Nilirudia asubuhi na alasiri kwa siku tatu. Tofauti ikashuka chini ya nusu pikseli. Kijana nikamwomba radhi.

Ubao wa drafti bado uko ukutani. Kamera za kukagua chupa na vifungashio zimefungwa fokasi ya sentimita 40, na nukta za leza ndani yake hutoka kama madoa ya mafuta kwenye karatasi ya chapati. Hizo zikija, kijana anaushusha ubao tena: inua, inamisha, usitikisike.