Kutia chuku si kusema uongo

Wapo wanaoshikilia kwamba anayetia chuku, yaani anayekuza mambo kupita kiasi, ni mwongo. Si kweli hata kidogo. Mwongo anataka umwamini. Mtia chuku anajua hutamchukulia neno kwa neno. Pale stendi ya Moshi, konda akiita "Siti zipo, twende!" huku abiria wamesimama hadi mlangoni, huo ni uongo: anataka nauli yako. Lakini mama muuza ndizi akilalama, "Mwanangu, nimekungoja mwaka mzima!" hakuna anayetazama kalenda. Amekwambia kungoja kumemchosha, nawe umemwelewa papo hapo. Shuleni chuku hufundishwa kama tamathali ya semi, sawa na sitiari. Hatari ipo kwenye namba zinazoaminika: ukisema Mlima Kilimanjaro una mita 6,000, mgeni ataamini, kumbe ni 5,895. Ukisema mlima huo umetoboa mbingu, hadanganyiki mtu.