Je, wajua kwa nini watumwa wa Marekani walikatazwa kuandika kabla ya kukatazwa kusoma?

Katika kikao chake cha 1830 hadi 1831, bunge la jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya kumzuia mtu yeyote kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Mzungu aliyepatikana na hatia alitozwa faini ya kati ya dola 100 na 200 au alifungwa. Mtu mweusi aliye huru alitozwa faini, alifungwa au alichapwa viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39. Na mtumwa aliyemfundisha mtumwa mwenzake alichapwa viboko 39. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo kuna maneno machache ambayo wasomaji wengi huyapita haraka: hesabu haikukatazwa. Mtumwa angeweza kufundishwa tarakimu, kujumlisha na kutoa, na mwalimu wake asishtakiwe.

Maneno hayo yanafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa yeyote anayeuliza kwa nini watumwa walinyimwa elimu, kwa sababu yanaonyesha kwamba wenye watumwa hawakukerwa na kila aina ya ujuzi. Mtumwa seremala alipaswa kupima mbao, mtumwa wa bandarini alipaswa kuhesabu marobota ya pamba, na ujuzi huo ulimwongezea bwana faida. Kilichoogopwa ni herufi. Tena utangulizi wa sheria hiyo hausemi popote kwamba watu weusi hawawezi kujifunza. Unasema kwamba kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika huelekea kuamsha manung'uniko mioyoni mwao na kuleta maasi. Ile hoja iliyokuwa ikihubiriwa kila mahali, kwamba Mwafrika hakujaliwa akili ya kitabu, haikuandikwa katika sheria, na isingeweza kuandikwa, kwa kuwa hakuna bunge linaloweka faini ya dola 200 dhidi ya jambo lisilowezekana.

Makatazo yenyewe yalianza karibu karne moja kabla ya hapo, katika koloni jirani la South Carolina. Mnamo Septemba 1739, karibu na Mto Stono, kundi la watumwa, ambao wengi wao inaaminika walitoka katika Ufalme wa Kongo, lilivunja duka, likachukua bunduki na kuanza safari ya kwenda Florida, iliyokuwa chini ya Wahispania. Wazungu zaidi ya 20 waliuawa kabla ya wanamgambo kulizima kundi hilo. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ndefu ya kuwadhibiti watumwa, na mojawapo ya vifungu vyake kilimtoza pauni 100 mtu yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika au kumpa kazi ya uandishi. Juu ya kusoma, kifungu hicho hakisemi lolote. Na si kwamba kusoma kulisahauliwa: mwaka 1743, mchungaji wa Kianglikana Alexander Garden alifungua mjini Charleston shule ya kuwafundisha watumwa kusoma, na walimu wake walikuwa Harry na Andrew, vijana wawili watumwa ambao walinunuliwa mahsusi kwa kazi hiyo. Shule iliendeshwa hadharani kwa miaka kama 20, wala hapakuwa na kosa mbele ya sheria.

Katika karne ya 18 stadi hizo mbili hazikufundishwa kwa pamoja kama tulivyozoea leo. Kusoma kulihesabiwa kuwa sehemu ya dini, kwa kuwa Mprotestanti alitarajiwa kuisoma Biblia mwenyewe. Kuandika kulikuwa kazi ya makarani, wafanyabiashara na wanasheria, na kulijifunzwa baadaye, kama kulijifunzwa kabisa. Msomaji angeweza kubaki mtiifu. Mwandishi alikuwa na uwezo wa kutengeneza nyaraka, na utumwa wa Marekani ulisimama juu ya nyaraka.

Waraka uliohusika zaidi ni cheti cha ruhusa. Mtumwa aliyetoka nje ya shamba la bwana wake alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, mahali anapokwenda, muda aliopewa na sahihi ya bwana. Mzungu yeyote aliyemkuta barabarani aliweza kuidai, na usiku kulikuwa na watu wa doria ambao waliwasimamisha watumwa na kuwachapa wasio na cheti. Mfumo huo wote ulitegemea jambo moja tu: kwamba anayeibeba karatasi hawezi kuiandika. Mtumwa mmoja akishajua kushika kalamu, si yeye peke yake aliyepata ruhusa, bali na ndugu zake, na majirani wa shamba la pili. Ndiyo maana katika matangazo ya kuwasaka watoro, yaliyojaa katika magazeti ya Kusini, yaani majimbo ya utumwa, mwenye mali mara nyingi alitahadharisha kwamba mtoro huyu anajua kuandika na huenda amejitengenezea cheti.

Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mwandishi na mpinzani mashuhuri wa utumwa, alifanya hivyo hasa. Mwaka 1836, akiwa kijana wa miaka kama 18 katika wilaya ya Talbot, Maryland, alipanga na wenzake kutoroka kwa mtumbwi wakati wa Pasaka, na akamwandikia kila mmoja cheti kinachosema kwamba bwana wake amemruhusu kwenda Baltimore kwa sikukuu. Siri ilivuja. Walikamatwa asubuhi ya safari, wakafungwa kamba na kuongozwa na wapanda farasi kuelekea jela ya Easton. Douglass alikuwa amekwisha kukitupa cheti chake motoni bila kuonekana. Mwenzake Henry, ambaye bado alikuwa nacho, alimnong'oneza njiani amuulize akifanyie nini. Akamwambia akile pamoja na biskuti yake, na asikiri neno. Vyeti vilitafunwa na kumezwa, waliowakamata wakakosa ushahidi, na hatimaye vijana wakarudishwa makwao badala ya kuuzwa mbali kama walivyokuwa wametishwa.

Inafaa kukumbuka namna Douglass huyo alivyofika kwenye kalamu. Akiwa mtoto mjini Baltimore, Sophia Auld, mke wa mtu aliyekuwa akimtumikia, alianza kumfundisha alfabeti, na mumewe, Hugh, alipogundua alimkataza mbele ya mtoto mwenyewe, akieleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa, hatatawalika, na mwenyewe atakosa raha. Auld aliongeza kuwa jambo hilo ni kinyume cha sheria, ingawa kwa kweli Maryland haikuwa na sheria kama hiyo. Douglass aliyahesabu maneno yale kuwa somo lake kuu la kwanza. Tangu hapo aliwapa watoto wa Kizungu maskini mikate ili wamfundishe kusoma, na akajifunza kuandika kwa kuiga herufi ambazo maseremala wa meli walichora juu ya mbao kuonyesha ubao upi ni wa kushoto, wa kulia, wa mbele au wa nyuma.

Kusoma kulianza kutisha kwa sababu nyingine, nayo ni yale yaliyokuwa yakichapishwa. Viongozi wa njama kubwa za uasi walikuwa watu wanaosoma: Gabriel, mhunzi wa karibu na Richmond, aliyenyongwa mwaka 1800, Denmark Vesey, seremala wa Charleston aliyejinunua kutoka utumwani kwa fedha za bahati nasibu na kunyongwa mwaka 1822, na Nat Turner, mhubiri wa Virginia, ambaye uasi wake wa Agosti 1831 uliua Wazungu takriban 55. Lakini mtu aliyewashtua wabunge kuliko wote hakushika silaha. David Walker, mtu mweusi huru aliyezaliwa Wilmington, North Carolina, alikuwa akiuza nguo kuukuu mjini Boston, na mwaka 1829 alichapisha kijitabu kilichowataka watumwa wasikubali hali yao. Alikituma Kusini kwa mikono ya mabaharia, na inasimuliwa kwamba vingine vilishonewa ndani ya nguo alizowauzia. Nakala 60 zilipofika bandari ya Savannah mwezi wa Desemba, bunge la Georgia halikusubiri mwaka uishe kabla ya kupitisha sheria dhidi ya maandishi ya namna hiyo na dhidi ya kuwafundisha watu weusi kusoma. Louisiana ikafuata mwaka 1830, kisha North Carolina na Virginia, kisha Alabama mwaka 1832, na South Carolina ikakikaza kifungu chake cha kale mwaka 1834 kwa kuongeza kusoma.

Vitabu vingi hueleza kwamba sheria hizi zilikuwa jibu kwa uasi wa Nat Turner. Tarehe zinapinga maelezo hayo: hata Virginia, alikoasi Turner, ilikuwa imepiga marufuku mikutano ya kuwafundisha watu weusi huru mwezi wa Aprili 1831, miezi minne kabla hajaanza. Turner aliongeza ukali, lakini hofu yenyewe ilikuja na kijitabu cha Walker. Na ndiyo sababu sheria mpya ziliwagusa pia watu weusi walio huru, maana mtu mmoja anayesoma kwa sauti gizani aliwatosha watu 30 wasiojua herufi hata moja.

Makanisa yalibanwa pabaya. Yalikuwa yakidai kwamba utumwa ni njia ya kumleta Mwafrika kwenye Ukristo, na Ukristo wao ulikuwa wa kitabu. Jawabu moja lilikwisha kupatikana Uingereza, ambako mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia iliyopunguzwa kwa ajili ya watumwa wa makoloni ya Karibi: simulizi la Waisraeli kukombolewa kutoka Misri liliondolewa, na maagizo ya watumwa kuwatii mabwana yakabakizwa. Georgia, mchungaji Charles Colcock Jones, ambaye naye alimiliki watumwa, alieneza katika miaka ya 1830 katekisimu ya kukaririshwa kwa mdomo, swali na jibu, ili mtu aokoke bila kuiona kurasa. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba wahusika walijua walichokuwa wakikizuia.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha mipaka ya hofu hiyo kwa namna ya ajabu. Omar ibn Said alikuwa msomi wa dini kutoka Futa Toro, katika nchi inayoitwa leo Senegali, aliyesoma vyuoni kwa miaka 25 kabla ya kukamatwa na kufikishwa Charleston mwaka 1807. Alitoroka, akakamatwa Fayetteville, North Carolina, na inasimuliwa kwamba akiwa jela alijaza kuta kwa maandishi ya Kiarabu aliyoyaandika kwa mkaa. Hakuna aliyemwadhibu kwa kuandika. Watu walikuja kumtazama. Alinunuliwa na James Owen, ndugu wa John Owen, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo wakati kijitabu cha Walker kilipoingia. Mwaka 1831, sheria ya viboko 39 ikiwa bado mpya, Omar aliandika maisha yake kwa Kiarabu, naye alitanguliza Suratul Mulk, sura inayoanza kwa kumtukuza Yule ambaye ufalme wote umo mkononi mwake. Wenye nyumba hawakuwa na uwezo wa kuisoma, wala mtu wa doria asingeupokea ukurasa ule kuwa cheti.

Ni kosa kudhani kwamba sheria zilifanana kila mahali au zilitekelezwa kwa ukamilifu. Kentucky na Tennessee hazikuwa nazo, na wapo mabwana walioivunja sheria kwa kuwa walihitaji mtumwa wa kuwasomea barua. Adhabu nyingi hazikupita mahakamani: wazee waliowahi kuwa watumwa, walipohojiwa katika miaka ya 1930, walisimulia habari za watu waliokatwa vidole kwa kosa la kuandika. Wazungu walishtakiwa mara chache, ingawa mwaka 1854 Margaret Douglass, mshonaji wa Norfolk, Virginia, alifungwa mwezi mmoja kwa kuwafundisha watoto weusi huru nyumbani kwake, pamoja na kujitetea kwamba watoto hao walikuwa wakipewa vitabu katika shule ya Jumapili ya kanisa la mjini. Savannah, msichana mtumwa aliyekuja kujulikana kama Susie King Taylor alikwenda kila siku kwa mjane mweusi huru aliyefundisha jikoni. Watoto waliingia mmoja mmoja, vitabu vimefungwa kwa karatasi ili polisi na Wazungu wasivione. Alipojua kuandika, alimwandikia bibi yake vyeti vya ruhusa. Wanahistoria hukadiria kwamba hadi 1860, kati ya watumwa karibu milioni 4, waliojua kusoma walikuwa kama 5 hadi 10 katika kila 100.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, shule zilichipuka nyuma ya majeshi ya Kaskazini. Mary Peake, ambaye hapo awali alifundisha kwa siri, alianza kufundisha waziwazi karibu na ngome ya Fort Monroe, Virginia, Septemba 1861, na Susie alipewa shule katika kisiwa cha St. Simons mwaka 1862 akiwa na miaka 14. Uhasama haukuisha pamoja na utumwa: katika ghasia za Memphis za Mei 1866, magenge ya Wazungu yalichoma moto shule za watu weusi. Miaka miwili baadaye, katiba mpya ya South Carolina iliagiza shule za umma kwa watoto wote bila kujali rangi, na mmoja wa wajumbe walioipigania hoja hiyo alikuwa Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa Beaufort na kujifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwaka 1870, watu weusi 80 katika kila 100 wenye umri wa miaka 14 na zaidi hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1900 walikuwa wamepungua hadi 45.