Fangasi inayomaliza vyura inaipitaje kinga ya mwili? Maswali ya wazazi na wanafunzi

Kila wanafunzi wa S.6 (kidato cha sita hapa Uganda) wakianza kupasua chura maabara, maswali yanaanza kunijia, mengine kwa wanafunzi, mengine kwa wazazi wao ambao wamesikia kuna ugonjwa wa vyura na sasa wanaogopa. Haya ndiyo yaliyonijia zaidi, nimejibu jinsi ninavyojibu darasani.

Swali: Mwalimu, hiyo fangasi ni ile ile ya kwenye vidole vya miguu?

Hapana, ni ukoo mwingine kabisa, ingawa zote mbili zinapenda keratini, ile kitu ngumu kwenye ngozi na kucha. Jina lake kamili ni Batrachochytrium dendrobatidis, jina la kuvunja ulimi, ndo maana watu wanaandika Bd tu. Ilipewa jina 1999. Spora zake, yaani mbegu zake ndogo, zina mkia na zinaogelea kwenye maji, zikimpata chura zinajibandika kwenye ngozi, zinaota kifuko, kifuko kinajaa spora mpya halafu kinazimwaga nje na mzunguko unaanza tena hapo hapo. Viluwiluwi wanaipata mdomoni tu, sababu keratini yao iko huko.

Swali: Lakini ugonjwa wa ngozi unauaje?

Chura anakunywa maji kwa ngozi, anapumua kwa ngozi, chumvi za mwili nazo zinalindwa na ngozi. Ngozi ikiharibika, sodiamu na potasiamu zinashuka kwenye damu, mwishowe moyo unasimama.

Swali: Sasa askari wa mwili wa chura wanakuwa wapi? Wamelala?

Hili ndo swali ninalolipenda. Watu wengi wanadhani fangasi inajificha askari wasiione. Sio hivyo. Askari wanaiona vizuri, tatizo ni kinachowapata wakifika.

Ua la kwanza la kujikinga ni ute wa ngozi. Vyura wengi wanatoa peptaidi, viprotini vidogo vya kuua vijidudu, na juu yake kuna bakteria rafiki wanaosaidia kulinda. Bd inatoa enzaimu za kukatakata zile peptaidi, kama mtu amekuja na makasi ya kukata seng'enge. Aina zingine za chura zina ute mkali na zinapona hapo hapo, zingine ua lao ni dhaifu.

Ndani ya ua kuna seli za kula takataka, makrofeji na nutrofili, na hizi maskini zinafanya kazi yake, zinameza fangasi bila shida. Ila haziwezi kumaliza vita peke yake, zinahitaji limfosaiti, yaani seli T na seli B, zile zinazomjua adui kwa sura, zinazaliana kwa wingi na kutengeneza antibodi. Hapo ndo Bd inapiga. 2013 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walionyesha kwamba fangasi hii inamwaga kemikali zinazozuia limfosaiti zisizaliane, na nyingi zinajiua zenyewe. Zile kemikali hata uzichemshe bado zinafanya kazi! Spora changa ambazo hazijajenga ukuta wa seli hazina hiyo sumu, kwa hiyo inaonekana ukuta unahusika. Baadaye wakapata baadhi ya majina, moja ni kainurenini, na hapa mimi nilishtuka kidogo maana saratani zingine za binadamu nazo zinaitumia hiyo hiyo kutuliza kinga ya mgonjwa.

Swali: Kwa hiyo ni kama HIV?

Matokeo yanafanana kiasi, wote mnajua CD4, zile seli T ambazo HIV inaziharibu, zikishuka mwili unakuwa wazi. Ila HIV ni virusi, inaingia ndani ya seli yenyewe. Bd inakaa kwenye ngozi na kumwaga sumu kutoka nje. Na kinga ya chura haijafa kabisa, 2014 utafiti ulionyesha vyura wakiambukizwa kisha wakatibiwa kwa joto, ikirudiwa mara chache tu, wanaanza kujifunza kuikataa na limfosaiti zao zinaongezeka.

Swali: Kwetu Uganda ipo?

Ipo. Imekutwa kwa vyura wa msitu wa Kibale, na ripoti ilitoka 2007. Majirani zetu Tanzania wana kisa kibaya zaidi, kile kichura kidogo cha bonde la Kihansi, maji ya maporomoko yalipunguzwa kwa ajili ya bwawa la umeme na fangasi nayo ikakutwa huko, 2009 kikatangazwa kimekwisha porini. Kimebaki sababu kulikuwa na wengine wanaofugwa Marekani.

Swali: Mtoto wangu anashika chura shuleni, ataambukizwa?

La, nnyabo (mama). Bd inapenda baridi ya nyuzi 17 mpaka 25, mwili wetu uko 37, hapo haiishi. Hofu yako iweke kwa salmonela, bakteria wa kuharisha, na ule ute mweupe wa nyuma ya macho ya chura wa nchi kavu ambao ukiingia jichoni unachoma vibaya. Anawe mikono kwa sabuni, asishike macho wala mandazi kabla ya hapo. Na akimaliza asimwage maji ya chura kwenye kijito, hapo ndo fangasi inasafiri.

Swali: Basi sisi watu inatuhusu nini, vikere (vyura) tu?

Viluwiluwi na vyura wanakula mbu na mayai yake. Costa Rica na Panama vyura walipokufa na fangasi hii, utafiti wa 2022 ulikuta malaria ikaongezeka miaka iliyofuata. Na sisi malaria tunayo ya kutosha bila msaada wa mtu.

Swali: Dawa ipo?

Itrakonazoli, ile ile wanayopewa watu wenye fangasi, unamuogesha chura ndani ya maji yaliyochanganywa kidogo kwa siku kadhaa. Kwenye tanki inafanya kazi. Kwenye msitu mzima wa Kibale, sijui nani atashika beseni.