Huzuni ya kufiwa na mtoto haifuati hatua tano

Wazazi wengi wanapoanza kuandika juu ya kufiwa na mtoto huambiwa kwamba huzuni hupitia hatua tano, yaani kukana, hasira, kubembeleza majaliwa, sononi na hatimaye kukubali, na baadhi yao huyapinda maandishi yao ili yafuate mpangilio huo. Lakini mpangilio huo haukutokana na wafiwa. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross aliueleza mwaka 1969, baada ya kuzungumza huko Chicago na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe.

Mama anaweza kucheka asubuhi, na jioni akakuta kiatu kidogo chini ya kitanda, kamba zake zikiwa bado zina fundo alilolifunga kwa mkono wake, akaishiwa nguvu palepale ingawa miaka imepita. Huko si kurudi nyuma. Mwaka 1996 Dennis Klass, aliyewasikiliza wazazi waliofiwa kwa miaka mingi, alieleza pamoja na wenzake kwamba wafiwa wengi hudumisha uhusiano na marehemu badala ya kuukata. Kwa hiyo anayeandika kwa ukweli hana haja ya kutafuta mahali pa kuliweka neno “nimekubali”. Aandike juu ya kiatu, aandike juu ya hasira iliyorudi, hata wivu juu ya watoto wa wenzake, ambao nadhani ndio mgumu kuliko yote kuukiri. Na akitaka kumtaja mwanawe kwa jina kila ukurasa, amtaje.