Turbo pekee haizai nguvu

Wamiliki wengi wa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), huamini kwamba ukifunga turbo tu, nguvu zinaongezeka maradufu. Imani hiyo ina msingi: gari la turbo huvuta vizuri zaidi, hasa nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi.

Lakini turbo huleta hewa tu. Nguvu hutoka kwenye dizeli inayoungua, kwa hiyo pampu ya dizeli isiporekebishwa ili iongeze mafuta, ongezeko huwa dogo. Mafuta nayo yakizidi, joto la ekzosi hupanda mno, na pistoni zinaweza kupasuka. 1HZ haikuundwa kwa ajili ya turbo: hukandamiza hewa mara 22.4. Injini nyingine ya Land Cruiser, 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, ni mara 18.6, na hata mfumo wake wa kuchoma mafuta ni mwingine.

Mwombe fundi alipime gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, kabla na baada ya kufunga. Mashine ikikosekana, panda mlima uleule kwa mzigo na gia zilezile, ukihesabu muda. Geji ya joto la ekzosi, kwa maoni yangu, ni lazima.